Uji wa Kijiko na Sekunde Thelathini: Mhadhara kwa Wakufunzi wa Tiba Shufaa

Walimu wenzangu, habari za asubuhi.

Mtu anayekaa nyumbani na mgonjwa aliye katika siku zake za mwisho, Marekani na Uingereza wanamwita dula, na huku kwetu ni mhudumu wa tiba shufaa (tiba ya kupunguza mateso ya ugonjwa usiopona) wa ngazi ya jamii. Mafunzo ya kwanza tunampa vizuri. Vituo vya tiba hii ni vya siku nyingi, Nairobi Hospice kilianza 1990, Hospice Africa Uganda 1993, uzoefu tunao. Tunapomwacha ni baadaye. Anaweza kukaa miezi bila kuitwa kwa mtu anayekata roho, na siku akiitwa, mikono inarudia ilichokiona utotoni. Utotoni sote tuliona kijiko cha uji.

Mgonjwa hajala siku 2, midomo imekauka, ndugu wanasema, "Mnyweshe, asife na kiu." Mhudumu anamlaza chali, anamimina. Koo halimezi tena. Uji unaingia njia ya hewa, mgonjwa anapaliwa, na picha hiyo ndiyo watoto wake wanabaki nayo. Ndugu waelezwe mapema, kabla ya siku hiyo, kwamba hamu ya chakula imekwisha kwa sababu mwili unazimika, na uji hauwezi kuurudisha.

Kwa hiyo katika mafunzo ya marudio, anzeni na kinywa. Wawili wawili. Glasi ya maji yaliyochemshwa yakapoa, chumvi nusu kijiko cha chai, kitambaa laini kilichofungwa kidoleni. Mmoja alale ubavu, kichwa kiinuliwe kidogo kwa mto. Mwenzake achovye, akamue mpaka kitambaa kisidondoke, kisha apanguse midomo, ufizi, ndani ya mashavu na ulimi. Kidole kisipite katikati ya meno. Mgonjwa huuma bila kukusudia. Mwisho mafuta kidogo midomoni. Nyumbani hurudiwa kila baada ya saa 2. Kosa mtakaloliona sana ni kutokukamua, na hilo halirekebishwi kwa maelezo. Kikidondosha, arudie.

Pwani, familia za Kiislamu zitataka kumtilia maji, kumwelekeza kibla na kumtamkia shahada. Mhudumu asibishane, kwa kuwa mambo haya hayapingani na tulichomfundisha. Matone mawili matatu kwa pamba yanatosha. Kumlaza ubavu wa kulia kuelekea kibla kunasaidia hata ule mkoromo wa mate kooni, maana yanapata pa kutokea. Talkini, yaani huko kumtamkia shahada, ni ya ndugu. Mhudumu awapishe karibu na sikio.

Kuhusu mofini ya maji, dawa kali ya maumivu, nitasema machache. Uganda, tangu 2004, wauguzi waliosomea tiba shufaa wanaruhusiwa kumwandikia mgonjwa dawa hiyo. Mhudumu wa jamii haandiki, wala habadilishi dozi. Anaangalia kama imetolewa kila baada ya saa 4 kama ilivyoandikwa, kama dawa ya kulainisha choo ipo, na kama daftari limejazwa. Kinachoharibika mara nyingi ni hiki: mgonjwa ametulia, ndugu wanaona amepona maumivu, wanaiacha. Maumivu yanarudi usiku, na usiku hakuna wa kumpigia.

Marudio yafanyike nusu siku kila miezi 3, watu wasizidi 12, kila mmoja aje na kifo kimoja alichohudumia, bila kutaja jina. Asiyepata nafasi ya kukisimulia atakibeba mpaka kwa mgonjwa anayefuata.

Limebaki zoezi moja. Karibu na mwisho pumzi hukatika, kisha hurudi. Ndugu husikia ukimya wa kwanza, kilio kinapasuka, halafu mgonjwa anavuta tena pumzi na nyumba inataharuki. Mhudumu aliyezoea ukimya huo huushika mkono wa mama wa nyumba hiyo, akangoja. Tuuzoee basi, sekunde 30. Angalieni saa ya ukutani. Nikishusha mkono, pasiwe na wa kusema neno.