Kuzoea Si Kufugika: Mhadhara Kuhusu Paka wa Porini Majumbani

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wangu, ndugu zangu wa Mwanza, nimealikwa kuzungumzia watu binafsi wanaoweka majumbani simba, chui, duma, mondo (yule paka wa porini mwenye miguu mirefu na masikio makubwa) na jamii yao, na wale walionisikia mara nyingine wamekwishaanza kutabasamu kwa sababu wanajua nitaanzia kwa mondo. Ni kweli, nitaanzia hapo, na waliokwisha kukikariri kisa hiki wanivumilie, maana sijapata kingine kinachosema mengi kama hicho.

Ilikuwa miaka ya 1990, wakati viwanda vya minofu ya sangara vilipokuwa vikichipua kandokando ya ziwa letu, nami nikiwa daktari wa mifugo kijana, niliyezoea ndigana ya ng'ombe na kideri cha kuku. Jioni moja niliitwa kwenye nyumba ya mtu mwenye uwezo, ambaye sitamtaja, nikaambiwa kuwa paka wake ameruka kutoka kwenye kochi na sasa hawezi kusimama. Nilipofika nilimkuta mondo wa miezi kama minne amelala juu ya mkeka, masikio makubwa yamesimama, na macho yakinifuata kila nilipokwenda. Mwenye nyumba alikuwa amemnunua kwa vijana wachungaji waliomwokota kwenye majani upande wa Magu, wakiamini kuwa ametupwa na mama yake. Wengi huamini hivyo hadi leo. Mondo jike huwaficha watoto wake kwenye majani marefu, akaenda kuwinda panya kwa saa nyingi, kisha akarudi. Kwa hiyo vijana wale hawakuwa wameokoa yatima, bali walikuwa wameiba mtoto wa mtu aliyekwenda sokoni.

Nilipomgusa mguu wa nyuma, ulipinda mahali pasipo na kiungo. Picha ya eksirei ilionyesha mifupa hafifu kama kivuli cha jioni, yenye mivunjiko mitatu, miwili kati yake ikiwa ya siku nyingi na hakuna aliyeitambua. Nikauliza anakula nini. Mama mwenye nyumba akanijibu kwa fahari kwamba mnyama wao hali makombo: anapewa minofu mitupu ya sangara, ile ile inayosafirishwa Ulaya, isiyo na mwiba hata mmoja, kwa kuwa walichelea asije akakwamwa. Basi nikalazimika kumweleza kwamba nyama tupu ina fosforasi nyingi na kalisi kidogo mno, na kwamba mwili wa mnyama anayekua, ukiikosa kalisi katika chakula, huichota katika mifupa yake wenyewe ili moyo na misuli viendelee kufanya kazi. Porini mondo humla panya mzima, nyama na mifupa pamoja. Nilipokuwa natoka nilimkuta mlinzi wa nyumba ile akichemsha mapanki, yaani mifupa ya sangara inayobaki minofu ikishatolewa, kwenye jiko la mkaa karibu na lango, nikawaza kuwa kalisi yote ya nyumba ile ilikuwa imeishia getini.

Mondo yule alikufa siku ya tatu, kwa sindano yangu. Nami nina deni langu katika kisa hiki, ambalo zamani nilikuwa nikiliruka ninapokisimulia. Sheria ya wanyamapori ya wakati ule, ya mwaka 1974, haikuruhusu mtu kumnunua mondo kwa wachungaji, na hii ya sasa ya mwaka 2009 inatamka wazi kuwa wanyama wote ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais. Nilipaswa kutoa taarifa. Nilipokea ada yangu, nikanywa chai, nikaenda zangu.

Ninachotaka mkitazame ni kwamba watu wale hawakuwa wakatili. Walimpenda mnyama yule na kumlisha kilicho ghali kuliko chakula chao wenyewe. Kosa lao lilikuwa katika neno. Walisema wanamfuga, kumbe walikuwa wamemzoesha tu, na katika mkoa huu wenye ng'ombe wengi kiasi hiki ninashangaa kwamba bado ninalazimika kueleza tofauti hiyo. Mfugo ni mnyama ambaye mababu zake wote walichaguliwa kizazi baada ya kizazi, mkali akichinjwa na mpole akizalishwa. Hakuna Msukuma anayedai kuwa amefuga nyumbu kwa sababu tu aliokota ndama wake. Hata nyau anayelala jikoni kwako ametokana na kimburu, yaani paka mwitu, wa Mashariki ya Kati, ambaye alianza kuzoeana na wakulima miaka ipatayo 10,000 iliyopita kwa ajili ya panya wa ghalani; huko Kupro limefukuliwa kaburi la miaka 9,500 ambamo mtu amezikwa na paka kando yake. Ikiwa safari hiyo imechukua muda wote huo, na nyau bado anakuparua unapomwogesha, mimi sielewi ni kwa hesabu gani mtu atarajie kuikamilisha kwa mondo mmoja na kochi moja.

Ninajua kuna kijana atakayesema, 'Mzee, mbona matajiri wa nchi za Kiarabu za Ghuba wanatembea na duma ndani ya magari?' Duma ni mfano mzuri, ila unanisaidia mimi. Mfalme Akbar wa India aliwaweka duma wengi sana kwa ajili ya uwindaji katika karne ya 16, na kumbukumbu za mwanawe zinataja uzao mmoja tu. Baada ya hapo dunia ilisubiri hadi mwaka 1956, ndipo duma wakazaliwa katika bustani ya wanyama ya Philadelphia. Maana yake ni kwamba kwa karne zote hizo kila duma wa ikulu alikuwa ameibwa porini, na hata leo wengi wa watoto wa duma wanaouzwa kwa magendo hupitishwa Somaliland na kuvushwa Ghuba ya Aden, ambapo wengi hufa kabla ya kumwona mnunuzi. Duma wazima waliobaki porini duniani ni wapatao 7,000. Falme za Kiarabu zenyewe zilipiga marufuku umiliki huo kwa sheria ya mwaka 2016, kwa hiyo kijana wangu anaiga kitu ambacho wenyewe wamekwishakikataza.

Mwingine ataninyooshea kidole kuelekea Saanane, pale ng'ambo kidogo ya maji, aniulize kama Serikali nayo haikuweka wanyama kizuizini. Iliweka: kisiwa kile kilianza mwaka 1964 kikiwa bustani ya kwanza ya wanyama nchini, na mwaka 2013 kikatangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Bustani inakaguliwa, ina daktari, na msimamizi wake akifa kesho atateuliwa mwingine. Simba wa mtu binafsi anamtegemea mtu mmoja. Mwezi Oktoba 2011, katika mji wa Zanesville huko Marekani, mmiliki mmoja alifungua mabanda yake kisha akajiua, na polisi wakalazimika kuwapiga risasi wanyama 48 kabla giza halijawafikisha kwenye makazi ya watu, wakiwamo simbamarara 18 na simba 17. Marekani ilisubiri hadi Desemba 2022 ndipo ikawa na sheria ya taifa zima ya kuwazuia watu binafsi kumiliki paka wakubwa kama hao.

Nilikuwa na sehemu nzima kuhusu magonjwa, lakini Mwenyekiti ananionyesha saa. Niseme tu kwamba mwaka 1994 distempa, maradhi yanayodhaniwa kutoka kwa mbwa wa vijijini, iliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti, ambayo ukanda wake wa magharibi unafika karibu kabisa na Ghuba ya Speke ya ziwa letu hili. Kwa hiyo paka wa porini aliyekaa uani na mbwa wako asirudishwe porini kimyakimya pale utakapomchoka. Habari za kung'oa makucha, ambako kwa kweli ni kukata pingili ya mwisho ya kila kidole, tuziache hadi siku nyingine.

Yule kijana aliyenyoosha mkono tangu nilipotaja duma na magari, apewe kipaza sauti.