Mpaka Uliofutwa Mwaka 1990 Bado Unaonekana Kwenye Kura za Wajerumani

Shikamooni wazee wangu wa Mtwara na Lindi. Vijana wenzangu, hamjambo. Ramani mnayoiona nyuma yangu ni ya matokeo ya uchaguzi wa Bunge la Ujerumani uliofanyika tarehe 23 Februari 2025. Palipopakwa buluu ndipo AfD, chama cha mrengo mkali wa kulia kinachotaka wageni wapunguzwe na wengine warudishwe makwao, kilipoongoza kwa kura. Itazameni vizuri buluu hiyo inapoanzia na inapoishia, kwa sababu ukiiweka kando Berlin, inafuata karibu sawasawa mpaka wa ile Ujerumani Mashariki ya kikomunisti iliyofutwa tarehe 3 Oktoba 1990 ilipoungana na Ujerumani Magharibi ya kibepari. Aliyezaliwa siku hiyo sasa ni mtu mzima mwenye familia yake, na mpaka ambao hakuwahi kuuona bado unajichora wenyewe kila kura zinapohesabiwa.

Mjomba wangu wa Mikindani ndiye aliyeniuliza inakuwaje watu wa nchi tajiri namna hii, wenye barabara nzuri na umeme usiokatika, wafikie hatua ya ndugu kutotembeleana kwa sababu ya vyama. Nilimwomba aniruhusu nimjibu hadharani, kwa kuwa naamini sisi watu wa Kusini tunaweza kulielewa jambo hili upesi kuliko Watanzania wengi.

Jibu ambalo utalipata haraka huku Ujerumani ninakoishi, hasa kutoka kwa watu wa Magharibi, ni kwamba wenzao wa Mashariki ni maskini, hawakuzoea demokrasia, na hawana shukrani kwa fedha walizomiminiwa. Fedha kweli zilimiminwa. Barabara kuu zilijengwa upya, majengo ya kale yaliyokuwa yakibomoka yakakarabatiwa, na tangu Julai 2023 pensheni za pande zote mbili zinakokotolewa kwa kiwango kimoja. Ipo hata kodi ya mshikamano iliyoanzishwa mwaka 1991, ambayo Wajerumani wengi wa Magharibi wanaamini waliilipa wao peke yao, ilhali ilikatwa kwenye mishahara ya Mashariki vilevile. Kama fedha ndizo zingekuwa dawa, hasira ingepungua kadiri lami ilivyoongezeka. Imekuwa kinyume: AfD ilipata asilimia 4.7 nchini kote mwaka 2013, mwaka uleule ilipoanzishwa, na mwaka 2025 ikapata asilimia 20.8, huku katika jimbo la Thüringen, lililo Mashariki, ikikaribia asilimia 39.

Mimi nadhani mzizi uko katika suala la nani aliamua na nani alibaki na mali. Tarehe 1 Julai 1990, miezi mitatu kabla ya nchi kuungana, mishahara yote ya Mashariki iligeuzwa kuwa marki, fedha ya Magharibi, kwa kiwango cha moja kwa moja. Wananchi walishangilia, na ningekuwepo nami ningeshangilia, lakini kwa viwanda ilikuwa hukumu ya kifo, kwa kuwa wateja wao wakubwa walikuwa Wapolandi, Wasovieti na wengineo wa kambi ileile, ambao hawakuwa na marki za kununulia bidhaa zilizopanda bei kwa usiku mmoja. Wakati huohuo, mali yote ya umma ilikabidhiwa kwa mamlaka ya ubinafsishaji iliyoitwa Treuhandanstalt, kwa kifupi Treuhand, ambayo ilianza na makampuni yapatayo 8,500 yenye wafanyakazi karibu milioni 4, na hadi kufungwa kwake mwishoni mwa mwaka 1994 ilikuwa imekwisha kuyauza au kuyafilisi karibu yote. Sehemu kubwa sana ya yaliyouzwa ilinunuliwa na watu wa Magharibi. Wenyeji waliambulia asilimia chache tu. Haikuwa lazima wenyeji wazuiwe kununua. Mtu aliyeishi miaka arobaini katika nchi ambako kiwanda hakikuwa mali ya mtu hakuwa na akiba ya kununua kiwanda.

Wazee wa Newala, Masasi na Nachingwea hawahitaji nifafanue zaidi. Viwanda vya kubangulia korosho vilivyojengwa kwa mikopo vikasimama, vikaja vikabinafsishwa, na kadhaa vikaishia kuwa maghala ya kuhifadhia korosho ghafi zinazosubiri meli ya kwenda India.

Nije kwenye jambo ninaloliona kwa macho yangu. Ninafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, katika mji mdogo wa jimbo la Sachsen, huku Mashariki. Yupo bibi mmoja ninayemhudumia asubuhi ambaye katika droo iliyo kando ya kitanda chake anatunza kijitabu cha kijani, cha kazi na bima, kama walivyokuwa nacho wafanyakazi wa enzi ile. Nimekishika mikononi. Kurasa zake zimejaa mihuri ya kiwanda kimoja cha kusokota nyuzi, mwaka baada ya mwaka, na kati yake kuna maandishi ya madaktari na tarehe za likizo zake za uzazi; halafu mwaka 1991 mihuri inakoma, na kurasa zinazofuata ni nyeupe hadi kwenye jalada. Mnunuzi alitoka Magharibi, akafunga kiwanda, akauza mashine. Bibi alipelekwa kwenye mafunzo haya na yale, hakupata tena kazi ya kudumu, na watoto wake wawili wakahamia Stuttgart walikofuata ajira. Huwa ananisubiri mimi nimchane nywele, hataki mhudumu mwingine, na Februari 2025 aliipigia kura AfD. Aliniambia mwenyewe, bila ukali wala aibu, akaongeza kwamba hakunikusudia mimi.

Kuondoka kwa watoto kama hao ni sehemu ya siasa yenyewe. Mwaka 2005 karibu mtu mmoja kati ya watano wenye kutafuta kazi Mashariki hakuwa nayo, na waliofungasha walikuwa zaidi vijana, na miongoni mwa vijana zaidi wasichana. Vijiji vikabaki na wazee na wanaume wasio na wenza, shule zikaunganishwa, basi likaja mara mbili kwa siku. Miji kama Leipzig ilifufuka na leo inapiga kura tofauti kabisa na vijiji vilivyo mwendo wa nusu saa kutoka hapo, kwa hiyo buluu ya ramani hii ina matundu yake. Tofauti za utamaduni zipo pia, ingawa nazipa uzito mdogo kuliko wachambuzi wengi: Mashariki watu wengi hawana dini yoyote, akina mama walizoea kufanya kazi na kuacha watoto chekechea, na eneo la Dresden halikuweza kunasa televisheni ya Magharibi enzi za Ukuta wa Berlin uliotenganisha pande hizo mbili. Kilicho kizito zaidi ni kumbukumbu ya barabarani. Tarehe 9 Oktoba 1989 watu wapatao 70,000 waliandamana Leipzig jioni ya Jumatatu, na utawala wa kikomunisti ukatikisika. Tangu hapo, kila hasira inapopanda, watu wa huku hutoka Jumatatu: mwaka 2004 dhidi ya kupunguzwa kwa posho za wasio na kazi, na mwaka 2014 Dresden dhidi ya Waislamu na wakimbizi.

Wapo watakaouliza kama dawa si kumpata kiongozi anayetoka kwenu. Angela Merkel alikulia Mashariki, akawa kansela, yaani mkuu wa serikali, kwa miaka 16, kuanzia 2005 hadi 2021, na ni katika miaka hiyo AfD ilizaliwa na kunenepa. Mikutano yake mikali zaidi ya kampeni, ya kuzomewa na kupigiwa mafilimbi, ilikuwa hukohuko Mashariki. Sisi tulikuwa na Mzee Mkapa wa Lupaso, Masasi, Ikulu kwa miaka 10, na Daraja la Rufiji lenye jina lake lilifunguliwa mwaka 2003. Tunalishukuru daraja, na bado mwaka 2013 tuliyaona tuliyoyaona. Rais mmoja hawezi kuziba nafasi ya majaji, wakuu wa vyuo, wakurugenzi wa benki na wahariri wa magazeti, na huku nafasi hizo, hata zilizo ndani ya Mashariki yenyewe, kwa sehemu kubwa zimeshikwa na watu waliozaliwa Magharibi. Katika mahakama za juu na uongozi wa jeshi, mtu wa Mashariki ni nadra.

Nimeutaja mwaka 2013 kwa makusudi. Mwezi Mei mwaka ule, siku ya hotuba ya bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini, Mtwara iliwaka moto, nyumba zikachomwa, jeshi likaletwa, watu wakafa. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982 na ikakaa ardhini miongo miwili na zaidi bila mtu kuijali, kisha likaja bomba la kuipeleka Dar es Salaam. Magazetini tuliambiwa kwamba watu wa Kusini wana uchoyo na hawajui keki ya taifa ni ya wote. Waliokuwepo kwenye vijiwe vya kahawa wanajua swali lililokuwa likiulizwa: kiwanda gani kitabaki hapa, na nani alikaa na nani wakakubaliana? Mwaka 2015 jimbo la Mtwara Mjini likaenda upinzani. Bibi yangu wa Sachsen hajawahi kusikia jina la Msimbati, kijiji kilicho kwenye gesi ya Mnazi Bay, lakini angelielewa swali hilo bila mkalimani.

Hata hivyo, hapa ndipo ninapoachana naye. Ng'ambo ya Ruvuma walitoka maelfu ya vijana wa Msumbiji waliopelekwa Ujerumani Mashariki kufanya kazi viwandani chini ya mkataba wa mwaka 1979. Sehemu ya mishahara yao ilikatwa kwa ahadi kwamba wangelipwa wakirudi kwao, na wengi hawakulipwa stahili yao. Wameandamana Maputo miaka nenda rudi. Viwanda vilipoanguka, wao walikuwa wa kwanza kupoteza kazi, na Septemba 1991, katika mji wa Hoyerswerda, mabweni yao na ya wenzao Wavietinamu yalishambuliwa kwa mawe na moto huku majirani wakitazama, wengine wakishangilia. Aliyeporwa kiwanda alimgeukia aliyeporwa mshahara. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba hasira ya Mashariki ni ya Treuhand tu, namuuliza Mmsumbiji wa Hoyerswerda alinunua kiwanda kipi.

Wala AfD si ya Mashariki peke yake. Kwa kuwa Magharibi ina watu wengi zaidi, kura zake nyingi kwa idadi zinatoka huko, na mwaka 2025 iliongoza kwa tofauti ndogo katika Gelsenkirchen, mji wa Magharibi uliokuwa wa makaa ya mawe na chuma kabla migodi haijafungwa.

Ukitaka kujua mambo yanaelekea wapi, fuatilia Lausitz, ukanda wa makaa ya mawe ulio karibu na Polandi. Sheria ya mwaka 2020 inataka umeme wa makaa ukome ifikapo 2038, na serikali imetenga mabilioni ya yuro kwa ajili ya mikoa itakayoathirika. Mjini Görlitz kitajengwa kituo cha taifa cha utafiti wa nyota, jambo zuri kabisa, ila dereva wa mashine ya kuchimbia makaa mwenye miaka hamsini haoni ataingilia mlango gani. Kiwanda cha mabehewa cha mji huohuo, kilichoanza mwaka 1849, kiliachwa na kampuni ya treni, na mapema mwaka 2025 ikakubaliwa kwamba kitachukuliwa na kampuni ya silaha ili kitengeneze vipande vya vifaru, pamoja na baadhi tu ya wafanyakazi wake. Katika jimbo la uchaguzi la Görlitz, mwezi huohuo wa Februari, AfD ilipata karibu nusu ya kura zote.