Wali Ghorofa ya Tatu

ZUHURA: Karibuni tena. Hamisi, umeahidi mambo matano kuhusu foklifti ya mkono mrefu. Anza moja kwa moja, maana nakujua.

HAMISI: Naanza. Ila juzi, kwenye saiti moja hapa Dar...

ZUHURA: Haya, matano yameshaota mbawa.

HAMISI: Sikiliza basi! Saa saba mchana, mafundi wako ghorofa ya tatu, mama lishe yuko chini. Opareta kapanga masufuria kwenye paleti, wali, maharage, mchicha, kapandisha.

ZUHURA: Na pilipili?

HAMISI: Kwenye kikopo chake.

ZUHURA: Mzigo hatari ni huo.

HAMISI: Cheka tu. Paleti haijafungwa, na foleni ya chakula imejipanga chini ya mkono wa mashine.

ZUHURA: Hao wa chini nakubali watoke. Lakini wali wenyewe una kilo ngapi? Paleti ya saruji mifuko 30 ni tani moja na nusu, na mnaipandisha kila siku.

HAMISI: Hiyo tani moja na nusu inategemea mkono uko wapi. Mashine ya tani 4 inabeba tani 4 mzigo ukiwa karibu. Ukiunyoosha mkono mbele, kiwango kinashuka sana. Ndiyo maana kuna chati ya uzito kwenye kebini, inayoonyesha mwisho wa mzigo kwa kila urefu wa mkono.

ZUHURA: Kwa hiyo wali umepita chati?

HAMISI: Haujapita! Shida ni fundi aliyeinama ukingoni mwa slabu kuvuta sufuria la moto, hana mkanda, na ukingo hauna kizuizi.

ZUHURA: Basi wekeni kizuizi na mtoa ishara, chakula kipande. Ukikataza, saidia fundi atapanda ngazi ya mbao na sufuria hilohilo kichwani. Huyo humuoni?

HAMISI: Washuke wakale chini.

ZUHURA: Mapumziko yote yaishie kwenye ngazi? Hujawahi kubeba zege wewe.

HAMISI: Nimebeba. Na bado nasema mashine si sahani ya kuandalia.

ZUHURA: Na mimi bado nasema ipande. Kwani siku hiyo kilitokea nini?

HAMISI: Kwa wali, hakuna. Jioni walikuwa wanapandisha vigae, mkono umenyooshwa, taa nyekundu ikawaka, king'ora kikalia. Foromani akapiga kelele, "Shusha! Shusha!"

ZUHURA: Hata mimi ningesema shusha.

HAMISI: Hapo ndipo mashine inapinduka! Mkono uliotoka ukiushusha, mzigo unazidi kwenda mbele, mbali na magurudumu. Unarudisha mkono ndani kwanza, taratibu, kisha ndiyo unashusha. Opareta alimpuuza foromani, akarudisha.

ZUHURA: Na foromani?

HAMISI: Kanuna mpaka kesho yake.

ZUHURA: Aliyekula wali wa mashine ananunaje?

HAMISI: Umeanza tena.

ZUHURA: Wa maharage au wa nazi?

HAMISI: Zuhura!

ZUHURA: Nauliza kwa ajili ya wasikilizaji. Haya, fundi mitambo wetu ananionyesha saa. Dakika mbili. Mambo yako matano?

HAMISI: Kukagua matairi, ardhi iliyosawazishwa, kuendesha mkono ukiwa chini, upepo... Dakika mbili hazitoshi.

ZUHURA: Ungekubali wali upande, tungemaliza zamani.

HAMISI: Haupandi.

ZUHURA: Unapanda. Kwaherini.