Jinsi ya kutoa alumini iliyobaki kwenye mavi ya alumini

Ile takataka ya kijivu mnayoiengua juu ya chungu na kuimwaga nyuma ya karakana ina alumini ndani. Isipotiwa chumvi, metali huweza kufika hata nusu ya uzito wake. Matone yamefungwa tu na utando wa oksidi.

Anza mavi haya yakiwa bado ya moto. Yaengue uyatie kwenye karai zito la chuma lenye tundu chini, kavu, lililopashwa moto, kisha yakoroge na kuyakandamiza kwa nondo mpaka alumini ichuruzike. Yakianza kuwaka meupe, metali inaungua: yatandaze upesi juu ya bamba nene yapoe. Maji usimwage kabisa! Alumini ya moto ikikutana na maji hutoa haidrojeni, nayo hulipuka. Hata yaliyopoa yakinyeshewa hutoa amonia, ile harufu ya mkojo inayochoma pua.

Yakishapoa, vaa barakoa na miwani, uyaponde. Tazama bonge moja kwa karibu: oksidi inasagika unga, lakini tone la alumini halivunjiki, linabapa kama sarafu. Chekecha kwa matundu ya milimita 5, halafu milimita 1. Yanayobaki katikati yaponde tena. Unga usiurudishe chunguni, utainyonya metali upya. Pitisha sumaku pia. Chuma kikiyeyukia humo, alumini huwa kavu na kukatika.

Sasa kuyeyusha. Theluthi ya chungu iwe na alumini iliyokwisha yeyuka, nyuzijoto 740 hivi. Kwa kilo 10 za vipande, andaa kilo 1 ya chumvi: nusu ya mezani, nusu kloridi ya potasiamu, ile inayouzwa kama mbolea ya MOP. Ikaange mpaka iache kupasukapasuka, ndipo uitie chunguni. Wengi hutia ya mezani peke yake, nayo huyeyuka kwenye 801, basi huchochea moto hadi metali inaungua; mchanganyiko huyeyuka karibu na 660. Vipande navyo vipashe moto ukingoni mwa tanuri, uvizamishe kidogo kidogo kwa nondo. Vikielea vinaungua. Koroga taratibu, acha dakika 10, engua, mimina kwenye kalibu iliyopashwa moto.

Metali hii ni mchanganyiko usiojulikana, kwa hiyo isubu vishikio na vipuri, si sufuria. Unga na chumvi iliyotumika vikae kwenye pipa kavu lenye mfuniko usiobana, ili gesi ipate pa kutokea, na mbali na kisima.