Bunduki ya Mtutu Mmoja kwa Anayeanza Kuwinda Ndege: Namna ya Kuichagua

Karibuni sana watazamaji. Mezani hapa nina bunduki mbili za marisau, yaani vigololi vidogo vingi ndani ya risasi moja, zote za mtutu mmoja, zote za bei ya chini. Kabla sijasema lolote, tazameni mikono yangu. Nasukuma kitasa, mtutu unainama kwenye bawaba yake, chemba, yaani tundu la nyuma inamokaa risasi, iko wazi. Naangalia, halafu naingiza ncha ya kidole. Tupu. Na hii ya pili vivyo hivyo. Kila bunduki inapohama mkono, iwe dukani, nyumbani au porini, fanya hivi, hata kama aliyekupa ameifungua mbele ya macho yako sasa hivi. Na kibali kitangulie bunduki. Sheria za umiliki, ndege wanaoruhusiwa na misimu ya kuwinda hutofautiana nchi na nchi, basi ulizia kwenu kwanza.

Kwa nini mtutu mmoja? Bei yake ni nafuu, vyuma vyake ni vichache, na ikiwa imefunguliwa kila aliye karibu anaona kwa macho kwamba haiwezi kulia. Tena unapojua huna risasi ya pili, unajifunza kumsubiri ndege afike mahali unapommudu.

Hatua ya kwanza ni geji, yaani kipimo cha upana wa tundu la mtutu, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo pesa za wengi zinapopotelea. Ukiyeyusha ratili moja ya madini ya risasi ukatengeneza golori 12 zinazolingana, kila golori itaenea kwenye mtutu wa geji 12. Ukitengeneza golori 20, itaenea kwenye geji 20. Kwa hiyo namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo: geji 12 ina milimita 18.5 hivi, geji 20 ina milimita 15.6. Iko pia .410, ambayo si geji bali ni kipenyo kwa inchi, kama milimita 10.4.

Bunduki yangu ya kwanza ilikuwa geji 12, nyepesi kama hii ya kushoto, kilo mbili na nusu hivi. Muuzaji aliniambia kubwa ndiyo nzuri. Msimu mzima niliwakosa njiwa, bega likawa jeusi, nikaanza kudhani macho yangu mabovu. Siku moja kwenye uwanja wa shabaha rafiki yangu akaniwekea risasi ya bandia bila kunieleza. Nikavuta kifyatulio, hakuna mlio, na ncha ya mtutu ikainama karibu shibiri nzima. Nilikuwa naliogopa teke, ule msukumo wa bunduki begani inapolia, kabla halijaja. Macho yalikuwa mazima.

Uzito wa bunduki ndio unaomeza teke, na bunduki za bei nafuu za mtutu mmoja hazina uzito huo. Ndiyo maana kwa anayeanza ninapendekeza geji 20, na risasi zenye gramu 24 za marisau. Kwa njiwa na kwale zinatosha kabisa. Kama tayari una geji 12, usiiuze. Tafuta risasi za gramu 24 badala ya zile za gramu 36, na uweke mpira mnene kwenye kitako. Je, .410? Watu humnunulia mtoto kwa sababu teke lake ni dogo. Lakini marisau yake ni machache, na ndege arukaye anapita katikati ya nafasi zake. Hiyo mwachie mwenye shabaha.

Sogeza kamera hapa. Hii ni risasi ya geji 20, ganda lake ni la njano. Rangi hiyo ina sababu. Ukiitumbukiza kwa makosa kwenye mtutu wa geji 12, inapita chemba na kukwama mbele, hata huioni. Ukidhani chemba ni tupu ukaweka ya geji 12 nyuma yake na kufyatua, mtutu unapasuka karibu kabisa na mkono wako wa mbele. Nyumba yenye geji zote mbili isichanganye risasi katika mfuko mmoja, hata siku moja. Na kabla ya kununua risasi yoyote soma urefu wa chemba ulioandikwa ubavuni mwa mtutu: milimita 70 au 76. Risasi ndefu kuliko chemba huenda ikaingia bila tatizo, kwa sababu mdomo wake unakunjuka wakati wa kulia tu, na hapo ndipo shinikizo linapopanda.

Hatua ya pili, vaa bunduki kama unavyojaribu shati. Hakikisha tena ni tupu, elekeza mtutu mahali salama, fumba macho, ipandishe begani mpaka shavu liguse mbao, kisha fumbua. Unatakiwa uone ncha ya mtutu imekaa sawa mbele ya jicho. Ukiuona mgongo wa bunduki tu, kitako kiko chini mno kwako. Kama kitako kinanasa kwapani, ni kirefu. Vitako vya watu wazima huwa na sentimita 36 hivi kutoka kifyatulio hadi mwisho, na bunduki za vijana huwa fupi zaidi. Mwanamke au kijana asilazimishwe kubeba ya baba. Mtutu wenyewe uwe wa sentimita 66 hadi 71. Mfupi mno ni mwepesi mbele, na mkono husimama wakati ndege bado anaenda.

Tatu, nyundo. Nyingi kati ya bunduki hizi zina nyundo ya nje unayoivuta kwa dole gumba. Za kisasa zina kipande cha chuma kinachopanda kati ya nyundo na pini inayogonga risasi pale tu kifyatulio kinapovutwa, kwa hiyo nyundo ikigongwa kwa bahati mbaya haigusi pini. Za zamani hazina. Muulize muuzaji aifungue akuonyeshe. Kisha jizoeze kushusha nyundo polepole ikiwa tupu, mara nyingi, mpaka dole gumba lisiteleze hata likiwa na jasho.

Ukinunua iliyotumika, fanya hivi. Ng'oa kishikio cha mbao kilicho chini ya mtutu. Springi yake hubana kila kitu na kuficha ulegevu. Sasa funga bunduki na uitikise. Ikigonga kokoko, bawaba imelika. Inyanyue kwenye mwanga utazame pale mtutu unapokutana na mwili wa bunduki: ukiona mstari wa mwanga, irudishe. Ifungue tena, uchungulie ndani ya mtutu kutoka nyuma ukielekea dirishani. Mizunguko ya mwanga inatakiwa iwe duara kamili. Mzunguko uliobonyea maana yake mtutu una bonde.

Majina utakayoyakuta sana ni Baikal MP-18 kutoka Izhevsk, Urusi, Stevens 301 ya kampuni ya Savage ya Marekani, na zile za zamani za Harrington & Richardson ambazo uzalishaji wake ulikoma mwaka 2015. Hizo za mwisho ni ngumu na zinadumu, ila usinunue mtutu wake peke yake ukitegemea utaingia kwenye bunduki yoyote. Kila mtutu ulifungwa kiwandani kwa mwili wake.

Choki ni ule mbano wa mwisho wa mtutu, unaoamua marisau yatasambaa vipi. Bunduki nyingi za bei nafuu zina choki kamili isiyotoka, ambayo hubana mno kwa ndege wa karibu. Tafuta yenye choki ya kati, au yenye choki za kubadilisha. Ukipanga kuwinda bata jambo hili lina uzito zaidi: Marekani ilipiga marufuku marisau ya madini ya risasi kwa ndege wa majini mwaka 1991, na Umoja wa Ulaya kwenye ardhi oevu mwaka 2023. Marisau ya chuma hayabonyei, kwa hiyo mtutu wa zamani wenye choki kamili yanaweza kuuharibu.

Mwisho, karatasi. Bandika kubwa mbele ya kilima cha udongo, hatua 25 kutoka ulipo, weka nukta katikati, piga risasi moja yenye marisau ya milimita 2.4. Soma kipenyo kwenye boksi, kwa sababu namba za ukubwa wa marisau za Marekani na Uingereza hazilingani. Chora duara la sentimita 75 kuzunguka palipo na matundu mengi, kisha weka kiganja juu ya kila eneo. Pale kiganja kinapoenea bila kugusa tundu, njiwa angepita. Fungua bunduki, toa ganda, badilisha choki au aina ya risasi, bandika karatasi nyingine.