Siasa za Ohio zinanihusu nini?

Habari zenu ndugu zangu. Tangu niweke ile klipu nimeshika bango mbele ya Bunge la jimbo la Ohio hapa Columbus, Marekani, swali ni lile lile: “Dada, siasa za Wazungu zinakuhusu nini? Si ubebe boksi utume hela?” Wengine wanasema najionesha, wengine wanasema kama huku kubaya nirudi. Sijioneshi, na silalamiki. Nalipa kodi hapa na nalipa umeme hapa, na haya mambo ya pesa za siri kwenye kampeni yanaanzia kwenye bili ya umeme.

Ninyi huko Tanzania mna LUKU, unanunua uniti zako basi. Hapa bili inakuja kila mwezi, na ndani yake kuna tozo ndogo ndogo. Mimi naisoma mstari kwa mstari, maana senti ikitoka hapo inapunguza ada ya mdogo wangu. Mwaka 2019 Bunge la Ohio lilipitisha sheria inayoitwa HB 6 (House Bill 6, muswada namba 6), ya kuchukua zaidi ya dola bilioni 1 kwa wateja wa umeme ili kuokoa mitambo miwili ya nyuklia.

Ilipitaje? Kampuni ya umeme ya FirstEnergy na kampuni zake tanzu zilimwaga karibu dola milioni 60 kwenye taasisi inayoitwa Generation Now. Kwenye makaratasi ni taasisi isiyo ya faida, kwa hiyo sheria haikuilazimisha kutaja nani kaipa pesa. Kumbe anayeiendesha ni Larry Householder, mbunge wa Ohio. Pesa zikaenda kuwasaidia wagombea ambao wakishinda watamchagua yeye kuwa spika. Januari 2019 akakalia kiti, Julai muswada ukapita. Wananchi walipotaka kukusanya saini ili sheria ipigiwe kura na watu wote, pesa hizo hizo zikalipia matangazo ya kuwatisha kwamba serikali ya China inakuja kuteka gridi ya umeme. Saini hazikutosha.

Householder alikamatwa Julai 2020, na mwaka 2023 akafungwa miaka 20. FirstEnergy ilikubali kulipa dola milioni 230. Ruzuku ya nyuklia ilifutwa 2021, lakini tozo ya mitambo ya makaa ya mawe, iliyokuwa kwenye sheria hiyo hiyo, imekuja kuondolewa na sheria ya 2025. Spika alikwenda jela na sisi tukaendelea kulipa!

Naomba niseme na hili, maana limenikaa moyoni. Kuna ndugu yangu wa damu aliyegombea udiwani huko nyumbani. Akanipigia nimchangie, nikamuuliza pesa ya nini, akasema vitenge vya kina mama na “soda” ya wajumbe. Nikakataa. Mpaka leo kwenye kundi la familia haitikii salamu yangu, na mama anasema nimeshakuwa Mzungu. Jamani, takrima, yaani zawadi za mgombea kwa wapiga kura, ilikataliwa na Mahakama Kuu ya Tanzania mwaka 2006, na Sheria ya Gharama za Uchaguzi tunayo tangu 2010. Sikuyajifunza Marekani haya.

Ninachodai Ohio ni kimoja: taasisi yoyote inayotumia pesa kwenye kampeni itaje majina ya waliozitoa, kabla ya siku ya kura. Miswada ya namna hiyo imeletwa bungeni na haijapita. Na kuipunguzia pesa nguvu kwenye siasa hakushindikani. Jimbo la Maine walipiga kura mwaka 1996 kuanzisha mfuko wa umma wa kampeni: mgombea anakusanya michango ya dola tano tano kwa wapiga kura wa eneo lake, akifikisha idadi inayotakiwa, jimbo linagharamia kampeni yake. Mhudumu wa mgahawa anaweza kugombea bila kupiga magoti kwa kampuni ya umeme.

Kwa mlioko hapa Ohio, nasema yangu kwa makaratasi yangu, yako yanaweza kuwa tofauti kabisa. Kama hujawa raia, usipige kura. Unapochukua leseni ya gari unaweza kuulizwa kama unataka kujiandikisha kupiga kura. Sema hapana, na fomu uisome kabla ya kusaini. Kwa ada zilizoanza Aprili 2024, ombi la uraia ni dola 760 kwa karatasi, 710 kwa mtandao, na likikataliwa pesa hairudi. Michango nayo uwe makini: 2024 Ohio ilipitisha sheria inayowagusa hata wenye ukaazi wa kudumu, wasichangie kampeni za kura ambazo wananchi wote wanaamua sheria, na kesi ikaenda mahakamani. Kabla hujatoa hata dola 5, muulize mwanasheria.

Lakini kuongea mbele ya kamati ya bunge hawakuulizi uraia. Unajaza fomu ya shahidi, unatuma maelezo yako mapema, unasubiri zamu. Mimi nilipoteza shifti na mshahara wa siku nzima kwa dakika chache za kuongea, na nilikwenda na nakala ya bili yangu, tozo nimeipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Kikao kingine kikitangazwa nitaweka tarehe hapo chini. Kama kazini hawakupi ruhusa, tuma maandishi tu, nayo yanaingia kwenye kumbukumbu za kamati.