Sukari, mizizi na uzazi wa baba: mazungumzo ya Kadutu

Wapapa, wamama, nawasalimu. Naona wamama mmekuja wengi kuliko wanaume, na sishangai: mimba ikichelewa nyumbani, anayetumwa hospitali kwanza ni mama. Lakini leo nasema juu ya baba mwenye ugonjwa wa sukari, na mitishamba anayokunywa ili apate mtoto.

Damu yenye sukari nyingi huzalisha chembe kali zinazochoma seli. Mwili una namna ya kuzizima, ila sukari ikikaa juu mwaka baada ya mwaka, zinaushinda. Ndipo seli za korodani zinazotengeneza testosteroni, homoni ya kiume, hulegea, na mbegu hutoka zikiwa na vinasaba vilivyokatika. Mishipa ya damu na ya fahamu inayosimamisha uume nayo huharibika. Kuna jambo jingine ambalo wanaume hawalisemi: manii yanatoka kidogo sana au hayatoki kabisa, kisha mkojo unaofuata una ukungu. Mbegu zimerudi nyuma kibofuni, kwa sababu mishipa ya fahamu inayofunga shingo ya kibofu imekufa ganzi. Mtu wa namna hiyo atanunua dawa za nguvu sokoni mpaka pesa imwishie, na tatizo litabaki palepale.

Mitishamba siidharau, hasa katika mji huu. Hapa Bukavu, kiwanda cha Pharmakina kinatoa kinini, dawa ya malaria, kwenye maganda ya mti wa kinkina. Na metformini, kidonge cha sukari mnachomeza, asili yake ni uchunguzi juu ya mmea wa Ulaya uitwao galega. Mfaransa Jean Sterne ndiye aliyetangaza matumizi yake kwa wagonjwa wa sukari mwaka 1957.

Lakini mubirizi (yale majani machungu), moringa na tangawizi, kuhusu uzazi wa baba, vimejaribiwa zaidi kwa panya. Panya anachomwa sindano ya streptozotosini inayoua seli za kongosho zinazotoa insulini, anapata sukari, kisha ananyweshwa dondoo la majani kwa wiki kadhaa. Mwishowe anachinjwa na mbegu zake zinahesabiwa. Mara nyingi aliyenyweshwa ana mbegu nyingi kuliko mwenzake. Vizuri. Ila mara nyingi sukari yake nayo ilishuka, basi nani alizilinda korodani: jani, au sukari kushuka? Tena lile dondoo lilipimwa, miligramu kadhaa kwa kila kilo ya mwili. Anayewauzieni bidoni, yaani dumu la dawa, pale soko la Kadutu anapima kwa kifuniko.

Chukueni mulondo, mzizi ule wenye harufu ya vanila, ambao Kinshasa wanauita kimbiolongo. Watafiti wa Kameruni waliwanywesha panya madume wazima, wasio na sukari. Katika jaribio la siku chache, testosteroni ilipanda na mbegu ziliongezeka. Ila katika kazi yao ya 2001, madume walionyweshwa karibu miezi miwili walipungukiwa mbegu na uwezo wa kuzalisha. Walipoachishwa, hali ilirudi. Mzizi ni uleule. Sasa fikirieni papa anayetafuta mtoto huku akiutafuna kila jioni mwaka mzima.

Ule unga wa "nguvu kwa nusu saa" mimi siuamini hata kidogo. Maabara za nchi nyingi zimekuta sildenafili, yaani ile iliyomo ndani ya Viagra, imefichwa katika dawa zinazoitwa za asili. Wenye sukari wengi wana moyo mgonjwa pia. Sildenafili ikikutana na vidonge vya naitrati vya moyo, presha inaanguka ghafla na mtu anaweza kufa.

Mubirizi kama mboga, kuleni. Ukiukamua na kuunywa juu ya insulini au glibenklamidi, kidonge cha kushusha sukari, sukari inaweza kushuka mno: jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa. Hapo ni maji ya sukari upesi. Na daktari asipoambiwa unakunywa nini, atabadilisha dozi akiwa gizani. Mpelekee bidoni yenyewe aione.

Mbegu huchukua kama siku 70 na kitu kutengenezwa. Ukianza leo kuituliza sukari, usikimbilie maabara wiki ijayo. Ngoja miezi mitatu, kaa siku 2 hadi 7 bila tendo, ndipo upimwe manii. Ukitolea nyumbani, kichupa kifike maabara kabla ya saa nzima kupita, kikae karibu na mwili kisipate baridi. Kwa hiyo msipite njia ya Nyawera, hapa mjini, asubuhi magari yakiwa yamejaa.